Jinsi Tulivyomaliza Juzuu ya Pili

Dada yangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu zangu, nyingi kama nguo za Jumatatu kazini kwetu dobini, kabla sijaanza kupayuka, maana nikishaanza sitakumbuka adabu. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na hao wanangu watundu, bado wanakupandisha presha? Goti lako je, limepoa, au bado linatabiri mvua kuliko redio? Sisi huku tu wazima kabisa. Mume wangu anakusalimu sana, anaendelea na mafriji yake, na kile kikohozi kimekwisha. Mama mkwe naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Ningepiga, lakini wewe nakujua. Sentensi ya pili tu ungenikatiza uniulize kama nimekula, na habari hii haitaki kukatizwa. Nataka uisome umekaa, sufuria umeshaitua. Dada, nimemaliza kitabu! Kile kitabu! Cha Kiingereza! Mimi, yule uliyekuwa ukisema kwamba Kiingereza kikiniona kinavuka barabara!

Nianzie mbali kidogo, usinichoke. Unakumbuka nilipohamia hapa uliniambia niishi na mama mkwe kwa akili, kwa sababu yule mama alimeza rula siku nyingi ikamkaa mgongoni. Hukukosea sana. Alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, na hadi leo kila mtu mtaani, hata mwanawe wa kumzaa, humwita Mwalimu. Si mtu wa kugomba. Yeye hunyamaza tu, na akinyamaza unaanza kujikagua kama vifungo umevifunga sawasawa. Miezi yote ya mwanzo tuliongea mambo ya chumvi na kufunga madirisha, basi. Nilikuwa namwogopa, sikufichi, na yeye nadhani hakujua anifanyie nini.

Sasa, kuna riwaya moja ya zamani sana, ya enzi za magari ya farasi, ambayo Mwalimu aliifundisha miaka nenda rudi. Inamhusu binti maskini aliyeajiriwa kumhudumia bibi mmoja tajiri, mjane, anayetembea na funguo zote za nyumba kiunoni. Kijiko cha fedha kinapotea, binti anasingiziwa, anatolewa nje kwenye theluji na lango linafungwa nyuma yake. Juzuu ya kwanza inaishia papo hapo, binti kasimama nje. Na shuleni kwa Mwalimu juzuu ya pili haikufika kamwe. Mtihani ulitungwa kwenye ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyejali kuiagiza. Hebu fikiria! Mtu amefundisha kitabu maisha yake yote, anajua kila koma iliko, lakini hajui kama yule binti alifunguliwa.

Alipokuja kuipata hiyo juzuu ya pili, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza mali yake mbele ya posta, macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Anaona mwanga, anaona mtu amesimama, lakini herufi hazioni. Yuko kwenye foleni ya upasuaji, ila foleni yenyewe haisogei. Mume wangu alijaribu kumsomea, akalala ukurasa wa pili kitabu kikiwa kifuani. Mchana mmoja nikarudi kutoka kazini nikamkuta Mwalimu sebuleni peke yake, kakisogeza kitabu mpaka kinagusa pua, anazitafuta tafuta herufi. Nilimwonea huruma mpaka woga ukanitoka. Nikausikia mdomo wangu ukisema, nitakusomea mimi.

Akanigeukia, akaniuliza niliishia kidato gani. Nikamwambia cha pili. Akanyamaza ule unyamazaji wake. Halafu akasema nivute kiti, na nisiogope maneno marefu, kwa sababu neno refu ni maneno mafupi yaliyoshikana mikono.

Dada, yale maneno hayakuwa yameshikana mikono, yalikuwa yanapigana! Ukurasa wa kwanza ulitumalizia mchana mzima. Nilikuwa natoa jasho kuliko kwenye mashine ya mvuke. Kuna sentensi humo zinaanza asubuhi zinakwisha jioni, ukifika mwisho umeshasahau nani alikuwa anafanya nini. Na Mwalimu hatoi tafsiri hata umlilie. Anasema neno ukipewa tafsiri yake unalibeba mkononi, na cha mkononi huanguka. Sharti umtafute mtu unayemjua, umvishe lile neno uone kama linamkaa. Likimkaa, hutalisahau tena.

Kwa mfano, nilikutana na "reproach." Nikamuuliza ndiyo nini. Badala ya kujibu akaniuliza mimi hufanya nini nikikuta mume wangu kamaliza maziwa yote. Nikasema sifanyi kitu, namtazama tu. Akasema, basi huko kutazama ndiyo reproach, na mwanangu analisikia hilo kuliko makelele. Nilicheka mpaka nikapoteza mstari. Siku nyingine nikamuuliza kwa nini huyu mwandishi anasema "countenance" wakati neno la uso analo. Akaniambia uso ni wa kuosha, countenance ni wa kuonyesha watu. Nani kanifundisha hivyo shuleni? Hakuna!

Kazini ndiko nilikokwenda kuyavisha. Unajua nimehamishiwa upande wa kupiga pasi, mashati ya hoteli na ya maofisini, na jirani yangu ni yule mwenzangu wa mashine za kufulia tunayemwita Povu. Nilimwambia Povu kwamba mashine yetu ya mvuke ni "obstinate," yaani kaidi kama punda aliyekwisha kuamua. Povu akalipenda. Sasa kila kitu kwake ni obstinate, doa la mchuzi obstinate, zipu obstinate, mumewe ndiyo kabisa. Msimamizi wetu naye nilimwambia leo una countenance nzuri, akaenda kujitazama kwenye kioo cha wateja, akarudi anauliza kama inatoka kwa sabuni.

Neno lililonishinda ni "magnanimous." Mwalimu alisema ni mtu mwenye haki ya kukulipiza, na nguvu za kukulipiza anazo, halafu akakuachia na asikukumbushe tena. Nilizunguka mtaa mzima kichwani nikitafuta wa kumvisha. Sikumpata. Watu ninaowajua wote husamehe halafu hukumbusha. Hata wewe, Dada, na lile gauni la kitambaa cha hariri nililokuharibia, hebu sema ukweli wako.

Basi tukawa tunasoma kila nikitoka kazini. Ninaoga, naweka chai, navuta kiti, yeye anafumba macho kabisa ili asihangaike na ule ukungu. Taratibu mambo yakabadilika. Nilianza kusoma nusu ukurasa bila kusimama, kisha ukurasa, kisha ikawa yeye ndiye ananiomba nipunguze mwendo. Na hadithi yenyewe, Dada! Yule binti kaenda mjini, kawa mwalimu wa watoto wa muuza mishumaa, na kumbe kile kijiko kilikuwa kimeangukia ndani ya saa kubwa ya ukutani siku nyingi. Siku tuliyofika hapo nilisimama na kitabu nikapiga kelele, mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani akidhani nyumba inaungua. Povu, yule wa kazini, asubuhi hata hanisalimu tena. Ananiuliza tu binti amefikia wapi. Alipojua kijiko kimeonekana alirusha taulo juu.

Ikabaki sura moja, ya binti kurudi kwenye lile lango. Mwalimu akasema sura hiyo haisomwi hivi hivi. Akataka Jumapili, vikombe vile vya wageni, na mimi nisivae kanga ya jikoni. Yeye mwenyewe alivaa gauni lake la kijani la siku alipoagwa shuleni. Aliniambia amemngojea yule binti pale langoni tangu akiwa mwalimu kijana, na kwamba sasa hivi moyo unamwenda mbio kama wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mwalimu, Dada! Yule wa rula!

Nikasoma. Binti akafika langoni, theluji inaanguka. Akagonga, sauti ya funguo ikasikika kwa ndani, na aliyekuja hakuwa mtumishi bali bibi mwenyewe, anajaribu ufunguo huu na huu. Akafungua. Hakusema maneno mengi. Alisema amekuwa obstinate, na kwamba kila siku tangu siku ile ameiona countenance ya binti pale mlangoni, haina hasira, ina reproach tu, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Binti akamwachia yote, wala hakumkumbusha kijiko. Bibi akamshika mkono, akamwita mwanangu. Usiku ule binti akakuta kola nyeupe ya bibi imekunjamana, maana tangu aondoke hakuna aliyemtunza yule mzee, akaweka pasi motoni, akainyoosha, wakaketi pamoja wakanywa chai. Mwisho. Nikafunga kitabu. Mwalimu machozi yalikuwa yanamtoka kimya kimya mpaka kwenye kola ya lile gauni la kijani.

Sasa, Dada, shika kiti. Sura hiyo haikuwepo.

Nakuambia haikuwepo! Jumamosi iliyoitangulia Jumapili hiyo nilishindwa kuvumilia, nikabeba kitabu kazini ili nichungulie mwisho wakati wa chakula. Nikafunua nikakuta kurasa zote za mwisho zimeshikana, kitabu kililowa zamani kabla hakijafika pale posta, na wino umetawanyika kama chai iliyomwagika. Nilijaribu kuzibandua kwa mvuke, utaalamu wangu wote. Zikatoka vipande. Unaona neno hapa, "gate," unaona "snow," basi, zaidi ya hapo ni madoa tupu. Nilikaa juu ya kapu la mashuka nikalia. Povu alinishauri nimwambie Mwalimu ukweli. Nilitaka, nakuapia. Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta ameshaning'iniza gauni la kijani dirishani lipate hewa, anaimba. Mimi sijawahi kumsikia mama yule akiimba. Nikashindwa.

Kwa hiyo Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi, nikifagia, nikiosha vyombo, nilikuwa naitunga ile sura kichwani, kwa Kiingereza, kwa maneno yale yale aliyonifundisha. Nilikuwa naisema kimoyomoyo mpaka mume wangu akaniuliza nasali nini. Halafu nikakaa mbele ya Mwalimu, nikashika kitabu kilichoharibika, nikafunua zile kurasa zilizochanika, nikasoma kisichokuwepo. Mimi wa kidato cha pili! Kiingereza kilikuwa kinatoka tu, Dada, kinakuja chenyewe, neno linaita neno. Niliogopa, lakini nikwambie ukweli, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mume wangu asiione sentensi hiyo.

Nilidhani nimepona. Mwalimu akafuta machozi, akanywa chai yake yote, akaweka kikombe chini kwa kukipapasia sahani. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, ile kola binti aliinyoosha namna gani. Nikamwambia alivyoinyoosha, kama nilivyosoma: aliinyunyizia maji, akaanzia kwenye ncha akaenda katikati, upande wa ndani kwanza, ili isikunjane. Akatikisa kichwa. Akasema, "Huyu mwandishi tangu ukurasa wa kwanza hajashika pasi. Kwake nguo zinaletwa tu zimenyooka, chakula kinaletwa tu kimeiva, hajui nani kafanya nini jikoni. Leo kajifunzia wapi kupiga kola?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwambia kila kitu, za kulowa, za mvuke, za kapu la mashuka. Kisha akaanza kucheka. Alianza kidogo kidogo, halafu akacheka mpaka akashika mbavu, akasema katika kazi yake yote hakuna mwanafunzi aliyemdanganya kwa Kiingereza kizuri namna ile. Halafu akaacha kucheka ghafla. Akaniuliza kwa nini nimemfanya yule bibi afungue mwenyewe. Nikajibu sijui, nilitamani tu iwe hivyo. Akasema wazee hufungua, ila mikono yao huchelewa kufika kwenye kitasa. Akanishika mkono. Akaniambia nirudie sura yote, tangu theluji, na nisiruke kitu.

Ningeweza kuishia hapo ningekuwa nimeridhika, lakini bado hujamaliza kushangaa. Wiki iliyofuata mume wangu aliitwa kutengeneza kiyoyozi kwenye maktaba ya chuo kimoja, akamuuliza mkutubi kama wana kitabu kile. Wanacho! Kizima, kikavu, juzuu zote mbili! Akaazima kwa dhamana ya kitambulisho chake, akaja nacho anatweta. Mwalimu hakungoja Jumapili wala vikombe. Alikuwa amesimama bado aliposema nifunue mwisho.

Nikasoma, sasa ya kweli. Binti anafika langoni, anagonga, na anayefungua ni wakili. Bibi alifariki majira ya baridi, mwandishi kampa nusu mstari. Wakili anamkabidhi binti funguo kwenye bahasha, binti anauza nyumba, anaolewa na mchungaji wa parokia ya jirani ambaye tulimwona mara moja tu akila keki. Basi. Kwisha. Nilisoma nikitafuta kama kuna ukurasa mwingine nyuma. Hakuna.

Mwalimu alikaa. Unajua yeye kwake kitabu ni kitabu. Mwanafunzi akisema angependa mambo yaende vingine alikuwa anamwambia asome kilichoandikwa, asisome anachotaka. Nilingoja aseme hivyo. Akasema, "Kakosea." Nikamuuliza nani. Akasema, "Mwandishi. Humleti mtu umbali wote ule mpaka mlangoni, halafu umfungulie na wakili." Akaniamuru nichukue karatasi nzuri, niandike sura yangu kwa mkono, niitie kwenye kile kitabu chetu kilicholowa, na hicho cha chuo kirudishwe kesho yake. Nimeandika, Dada. Tumeibishania kila sentensi, amenikatalia mbili, moja nimemshinda.

Juzi ndiyo nimempeleka duka la dawa kuchukua matone ya macho. Mwenye duka, mtu mzima mwenye mvi, alipomwona alitoka nyuma ya kaunta akasimama wima kama anangoja kuitwa jina. Kumbe alikuwa mwanafunzi wake. Waliongea, wakakumbushana, na mwisho yule bwana akauliza, kwa aibu kidogo, jambo ambalo alisema limemkaa tangu shuleni: je, yule binti wa langoni alifunguliwa? Nilimtazama Mwalimu. Nilijua anaijua ile ya wakili, na nilijua kwamba mbele ya mwanafunzi yeye hasemi kisichoandikwa.

Akasema alifunguliwa. Yule bwana akauliza, na nani? Mwalimu akapapasa hewani mpaka akalipata bega langu, akanisogeza mbele. "Na huyu," akasema.

Dada, nimelia tena hapa nikiandika, samehe hilo doa. Msalimie shemeji, wabusu watoto wote, na yule mkubwa mwambie akipata neno gumu asikimbilie kuuliza maana, amtafute mtu wa kumvisha. Wewe mwenyewe nimeshakupatia lako, lakini sikwambii hapa, nitakuambia uso kwa uso nikija likizo. Mwalimu anakusalimu, na anauliza kama utakubali tuje wote wawili, maana tumeanza kitabu kingine na hataki nimwache katikati. Goti ulipake dawa, usilidharau.

Nakupenda sana.

Ni mimi mdogo wako,
mpiga pasi na mwandishi wa sura moja